Mlango wa Chuma, Ukuta wa Matope: Je, Mitambo ya Ulinzi Humzuia Mwizi?

Katika ukurasa huu nataka tulijadili jambo linalozungumzwa kila siku mitaani kwetu, ndani ya matatu, kwenye foleni ya maji na hata darasani mwalimu akishatoka. Jambo lenyewe ni wizi wa nyumba. Swali langu ni moja: je, pesa ambazo watu hununulia kufuli kubwa kubwa, milango ya chuma, ving'ora na kamera humzuia mwizi, au ni pesa za kutupa?

Nalileta swali hili kwa wanafunzi wenzangu kwa sababu wengi wetu twatoka Kibera na Kawangware. Sisi ndio tunaofika nyumbani wa kwanza jioni, wazazi wakiwa bado kazini. Sisi ndio tunaokuta mlango u wazi, mtungi wa gesi haupo, na mahali pa redio pamebaki alama ya vumbi. Kwa hivyo jambo hili si la wazee peke yao.

Msimamo wangu nautaja mapema ili nisikuzungushe. Mtambo wa ulinzi, uwe wa bei gani, kazi yake ni moja tu: kununua dakika. Kufuli humchelewesha mwizi dakika chache. King'ora humfanya aziogope dakika alizobakisha. Lakini dakika hizo zikikosa mtu wa kuzitumia, basi pesa zimekwenda na maji. Kabla ya kuuliza "tununue nini?" ni lazima tuulize "nani atakuja?"

Kwanza tuwape haki yao wanaoisifu mitambo. Ukitoka Kawangware kwa miguu hutembei sana kabla ya kufika Lavington. Huko utaona kuta ndefu, nyaya za umeme juu yake, na vibao vya kampuni za ulinzi kwenye kila geti. Zile nyaya si pambo. Hutumiwa mipigo mikali ya umeme, kama mmoja kila sekunde. Anayezigusa hurushwa, na anayezikata huamsha king'ora. Mlangoni huwekwa sumaku na swichi ndogo inayoihisi, vikitazamana. Mlango ukifunguliwa vinaachana na habari inafika kwenye mtambo. Sebuleni kuna kijidude ukutani kinachohisi joto la mwili unaotembea. Juu ya hayo yote kuna kamera, macho yasiyosinzia.

Je, mwizi huogopa? Naam, huogopa. Mnamo mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Charlotte, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, waliwauliza maswali wafungwa 422 waliofungwa kwa wizi wa nyumba katika majimbo matatu. Asilimia kama 83 walisema kwamba kabla ya kuvunja hujaribu kujua kama nyumba ina king'ora. Asilimia kama 60 walisema wakikikuta wangetafuta nyumba nyingine.

Hapo wenye ving'ora hupiga makofi. Lakini hebu lisome tena jibu hilo, msomaji. Wafungwa hao hawakusema wangeacha wizi. Walisema wangetafuta nyumba nyingine. Sasa nyumba nyingine hiyo ni ya nani? Ukuta wa tajiri ukipanda juu, mwizi hageuki kuwa padri. Anatazama tu penye ukuta mfupi. Na ukuta mfupi ni wetu.

Baba yangu ni mlinzi, au kama tunavyosema mtaani, soja. Jioni jua likianza kushuka yeye huvaa koti lake, akachukua rungu na tochi, akaenda kuilinda nyumba yenye vitu vyote nilivyovitaja. Usiku wa manane king'ora kinapolia, mara nyingi ni paka, au tawi la mti, au umeme umekatika na kurudi. Majirani wa pale hawatoki. Wanavuta blanketi. Baba husema, "Hiyo kitu inapiga kelele tu, haipigani." Kinachomkimbiza mwizi, anasema, ni lile gari la walinzi linalofuata baada ya kelele, na gari hilo halikuja bure, mwenye nyumba hulilipia kila mwezi. Akiacha kulipa, king'ora chake kinakuwa kama jogoo anayewika kwenye nyumba isiyo na watu.

Na hapa pana kichekesho kisichochekesha. Walinzi wengi wa Lavington, Kileleshwa na Kilimani ni watu wa Kawangware na Kibera. Usiku kucha wanalinda televisheni za wengine, huku za kwao zikilindwa na kufuli moja.

Historia nayo yatufundisha jambo. Mtambo wa kwanza wa nyumba wenye kamera na televisheni haukubuniwa na tajiri. Ulibuniwa na Marie Van Brittan Brown, mama muuguzi Mmarekani mweusi aliyekaa Queens, jijini New York. Kazi yake na ya mumewe zilikuwa za saa za ajabu ajabu, na mara nyingi yeye alikuwa peke yake nyumbani usiku. Polisi wa mtaa wake walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mtambo wao, wakaipata mwaka 1969. Ulikuwa na kamera iliyochungulia kwenye matundu ya mlango, televisheni chumbani, chombo cha kuongea na aliye nje, na kitufe cha kuita msaada. Zingatia hicho kitufe. Mama huyo alijua kwamba kumwona mwizi hakutoshi, lazima awepo wa kuitwa. Kamera isiyo na wa kuitwa ni kama kutazama sinema ya kuibiwa kwako mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Nyumba nyingi za Kibera ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kuta za matope au mabati, paa la mabati. Shangazi yangu anakaa upande wa Makina. Baada ya kuibiwa mara ya kwanza alidunduliza, akamwita fundi wa kuchomelea, akawekewa mlango wa chuma wenye komeo mbili. Akaongeza kufuli tatu. Mlango ule ulikuwa fahari ya ploti nzima. Watoto waliugonga kwa kijiti kuusikia ukilia kama kengele ya shule.

Wezi walirudi. Hawakuugusa mlango. Walizunguka nyuma saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, wakang'oa misumari ya bati moja wakaingia. Shangazi aliporudi alikuta kufuli zote tatu zikining'inia salama salimini, na ndani hamna godoro. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwapo. Alisikia misumari ikilia. Alipoulizwa mbona hakupiga kelele, alijibu, "Nilidhani ni fundi. Halafu kwani mimi ni askari? Hapa kila mtu na yake."

Msomaji mpendwa, shangazi alinunua dakika kwa bei ghali, lakini upande mmoja tu wa nyumba. Upande wa pili dakika zilikuwa za bure kwa mwizi. Mlango wa chuma kwenye ukuta wa matope ni sawa na kufunga mdomo wa gunia lililotoboka chini. Na hata ukuta ungekuwa wa mawe, jibu la yule jirani lingeutoboa.

Mitambo mingine je? Kile kijidude cha kuhisi joto hakiwezi kukaa chumba wanamolala watu watano, maana kila anayeamka kunywa maji atawaamsha wote kwa king'ora. Kamera inataka umeme wa kutegemewa, na sisi tunajua umeme wetu. Mara umekatika, mara kampuni imekuja kuondoa nyaya za sambaza, mara mvua. Pia kile kisanduku kinachohifadhi picha za kamera nacho huibwa, kikaenda na ushahidi wake tumboni. Kisha kuna suala la heshima. Ploti zetu zina korido moja. Kamera ya mlango wako itamwona jirani yako akitoka bafuni na taulo. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Tena ukuta si wetu. Mpangaji akiutia saruji, akiondoka atauacha. Ndiyo maana nasema mzigo mkubwa wa ulinzi wapaswa kubebwa na mwenye ploti. Anayepokea kodi kila mwezi aweke bati linalopigiliwa kwa ndani, geti linalofungika, na taa kwenye korido. Wapangaji wa ploti moja wakienda kumwona pamoja, atawasikiliza kuliko mmoja anapokwenda kulia peke yake.

Je, basi tuketi tukiwangojea wezi? La hasha! Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Sisi tuna kitu ambacho Lavington hawana, nacho ni ukaribu. Katika nyumba za mabati jirani akikohoa unamwambia pole. Mtoto akianguka kitandani ploti nzima inajua. Mtambo wa kusikia tunao tayari, hatuulipii hata senti. Kilichokatika ni waya mmoja tu: kusikia hakufuatwi na kuinuka.

Na usidhani haya ni maneno ya mwanafunzi tu. Katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, kuna mtaa wa nyumba zaidi ya 2,000 za watu wa kipato cha chini uitwao Kirkholt. Miaka ya 1980 uliibiwa kupita kiasi. Wakuu wa mahali pale waligundua kwamba nyumba iliyoibiwa mara moja ndiyo iliyokuwa hatarini kuibiwa tena, kama ya shangazi yangu. Walifanya nini? Waliimarisha kufuli na madirisha ya nyumba zilizoibiwa. Wakaondoa mita za umeme na gesi za kulipia kwa sarafu, kwa kuwa wezi walizivunja kupata pesa. Kisha wakawaomba majirani wachache wanaoizunguka nyumba iliyoibiwa waiangalie hiyo moja, si mtaa mzima. Katika muda wa miaka mitatu wizi ulipungua kwa asilimia 75. Kufuli zilikuwapo, ndiyo, lakini nyuma ya kila kufuli kulikuwa na macho ya mtu anayejua zamu yake.

Hapa kwetu serikali ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Wazo lenyewe Watanzania walikuwa nalo tangu miaka ya 1960, enzi za TANU na mabalozi wake. Wengi wetu tumeusikia mpango huu kwenye baraza la chifu na tukausahau tulipofika nyumbani. Lakini maana yake ndiyo ninayoisema: kumi wajuane kwa majina.

Najua utanipinga. Utasema, "Wewe wasema majirani, na mwizi mwenyewe si ndiye jirani? Kikulacho ki nguoni mwako." Ni kweli. Anayejua kwamba jana umeleta televisheni si mtu wa Mombasa. Utasema pia kwamba wapangaji huhama kila mara, na kwamba mwaka 2007 na 2008, baada ya uchaguzi, majirani wa Kibera na Kawangware walifukuzana kwa sababu ya makabila. Jeraha hilo halijapona kwa wote. Mtu aliyechomewa nyumba na watu aliokuwa akiwaazima chumvi hawezi kuambiwa leo awakabidhi ufunguo.

Nakubali. Lakini hoja hiyo yanivutia mimi zaidi kuliko wewe. Jirani mwizi hustawi mahali ambapo watu hawajuani, kwa sababu hapo hakuna wa kumwuliza "unabeba nini?" Wala sisemi umkabidhi mtu ufunguo. Nasema umjue jina, ujue anafanya kazi wapi na anarudi saa ngapi, naye akujue. Kuaminiana kutafuata nyuma, polepole, kama kobe.

Kuna hatari nyingine ambayo siwezi kuifumbia macho. King'ora kikali kuliko vyote katika mitaa yetu ni neno moja: "Mwizi!" Likitamkwa mara moja, njia nzima hufurika watu, na wengine wamekuja na mawe, wengine na tairi. Vijana wameuawa hivyo, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakikimbilia matatu tu. Godoro hununuliwa tena. Kijana hanunuliwi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba mshtakiwa hahesabiwi mkosaji mpaka kosa lithibitishwe. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayemwona akitenda kosa kubwa, lakini inamwamuru amfikishe kwa polisi bila kukawia. Kwa hiyo tuinuke, tumzunguke, tumshike, tumpeleke. Anayeinua jiwe halindi ploti, anafungua mlango wa kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo linalotugusa sisi vijana zaidi. Mwizi wa mtungi wa gesi hali gesi. Anaiba kwa sababu ana mtu wa kumwuzia. Je, ni nani? Ni yule anayeambiwa, "Buda, kuna simu hapa, bei ya kuongea," akaangalia kushoto na kulia, akatoa pesa bila kuuliza risiti. Tunamjua mtu huyo. Yuko hata humu shuleni.

Sheria inamjua pia. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayevunja nyumba mchana aweza kufungwa hadi miaka 7. Akivunja usiku, yaani baina ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ni hadi miaka 10. Na anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi? Ni hadi miaka 14! Sheria yenyewe imempa mnunuzi adhabu nzito kuliko mvunjaji, kwa sababu bila soko hakuna mchuuzi. Unaponunua simu ya uchochoroni, umemlipa mtu nauli ya kurudi kwenu.

Kwa hivyo, je, mitambo yafaa? Yafaa palipo na ukuta unaolingana na mlango, na mtu wa kuitika inapolia. Pasipo na hayo mawili ni kelele ya bei ghali. Kwa mwenye pesa kidogo kama sisi, naona zitumike kwa mpangilio huu.

Kwanza, taa. Tumeona jinsi ile milingoti mirefu tunayoiita mulika mwizi inavyobadilisha usiku. Balbu moja ya korido ni mdogo wake. Pili, ukuta na bati la nyuma, ndipo kufuli. Kufuli moja nzuri kwenye pete imara yashinda tatu zilizotiwa kwenye mbao iliyooza. Tatu, kelele ya bei nafuu: filimbi kwa kila nyumba, au kile king'ora kidogo cha sumaku na betri kinachouzwa Luthuli Avenue, au hata debe tupu nyuma ya mlango, mradi ploti nzima imekubaliana kwamba kikilia watu wanatoka. Nne, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika nambari ya televisheni. Bonyeza *#06# kwenye simu uandike nambari itakayotokea. Tia alama ya rangi kwenye mtungi wako. Kitu chenye alama huuzika kwa shida. Kamera iwe ya mwisho, na iwe ya ploti nzima, getini, kwa idhini ya wote.

Tano haina bei. Jioni ya leo, kabla hujafungua vitabu, gonga mlango wa jirani ambaye hulijui jina lake. Mwambie lako. Mwambie mama hurudi saa ngapi, na kwamba hamjamwita fundi yeyote wiki hii. Akisikia misumari ya bati ikilia kesho saa nne asubuhi, atajua si fundi.